Seva nne, sanduku moja la bakapu: nimeziunganisha, sasa faili zinapotea

fundi_wa_ngara · Jumatatu, saa 3 usiku

Wadau, habari za jioni. Naomba msaada kabla sijaonyeshwa mlango.

Niko kwenye kampuni ndogo hapa Westlands, Nairobi. Tuna seva nne za Linux: ya databesi ya mauzo (PostgreSQL), ya tovuti, ya faili za ofisi na ya barua pepe. Mpaka mwezi uliopita kila seva ilikuwa na diski yake ya bakapu ya USB inayoning'inia nyuma kama mkia wa ng'ombe, na mimi ndiye niliyekuwa nazunguka kila Ijumaa nikichomoa na kuchomeka. Mbili zikafa karibu kwa pamoja. Nikambembeleza bosi tununue sanduku moja la diski la kukaa kwenye mtandao (NAS), seva zote ziweke bakapu humo. Tulilipata la mtumba pale Luthuli, tukalitia diski mpya nne za TB 4. Nimeziweka RAID 6 (mbili zikifa data inabaki), kwa hiyo nimebaki na TB 8 za kutumia.

Sasa kizaazaa. Sanduku linatoa NFS, SMB na iSCSI, njia tatu za seva kulitumia kupitia mtandao. Nilisoma mahali kwamba kwa iSCSI seva hulichukulia sanduku kama diski iliyo tumboni mwake, nikaona hii ndiyo yenyewe. Nikakata humo diski pepe moja ya TB 6, nikaifomati ext4 (mfumo wa faili wa Linux) nikiwa kwenye seva ya tovuti, nikaipachika (mount). Tamu. Nikaenda seva ya faili, nikaipachika hiyo hiyo. Ikakubali bila neno.

Kesho yake seva ya tovuti haikuona kilichoandikwa na seva ya faili, na ya faili haikuona cha mwenzake. Nikaziwasha upya zote mbili, makosa yakamiminika kwenye skrini. fsck, amri ya kukarabati mfumo wa faili, imeniachia folda ya lost+found iliyojaa faili zenye majina ya nambari tupu.

Nimekosea wapi kwenye mpangilio? Kuna kitu cha kuwasha ili zote nne ziitumie pamoja?

mzee_kebo · saa 3:40 usiku

Kijana, mpangilio hauna kosa. Ulichochagua ndicho kisichofaa kazi hiyo.

iSCSI haigawi faili. Inagawa diski mbichi, vipande kwa vipande, na haijui wala haijali juu yake kumeandikwa nini. Seva ikishapewa diski hiyo inaamini ni yake peke yake. ext4 inashika kwenye RAM picha ya wapi pamejaa na wapi pako wazi, na haina sababu ya kurudi kuangalia kama kuna mwingine amepagusa.

Chukua matatu moja iliyowekwa makanga wawili, mmoja mlango wa mbele, mwingine wa nyuma, na hawasemezani. Kila mmoja ana hesabu yake ya viti kichwani. Wa mbele anauza kiti namba 9, wa nyuma naye anakiuza. Wewe uliuza kiti mara mbili, ndiyo maana abiria wako sasa wamelaliana lost+found.

Ipo mifumo ya faili iliyotengenezewa hali hiyo, GFS2 na OCFS2, ambayo hufanya seva ziulizane kabla ya kugusa chochote. Inafanya kazi vizuri. Lakini kwa bakapu za ofisi ni kukodi trela kwenda kununua mkate.

Una njia mbili. Kata diski nne za iSCSI, kila seva na yake, isiguse ya jirani. Au tumia NFS, ambapo sanduku lenyewe ndilo linalomiliki mfumo wa faili na seva zinakuja kuomba: nifungulie hii, niandikie ile. Hapo makanga ni mmoja.

Hiyo iliyoharibika ifute. Usitumie usiku wako kuokoa bakapu ilhali data yenyewe bado iko hai kwenye seva. Piga nakala mpya.

mwanagenzi254 · saa 3:52 usiku

Mzee, SMB je? Kwetu ndiyo tunayotumia.

mzee_kebo · saa 3:55 usiku

Kama kuna Windows nyumbani, sawa. Linux kwa Linux, NFS inatosha.

fundi_wa_ngara · Jumanne, saa 7 mchana

Mzee, shikamoo na ahsante. Nimefuta kila kitu, nikaweka mfumo wenye ZFS (mfumo wa faili unaosimamia diski wenyewe), diski zote nne kwenye RAIDZ2, ambayo ni kama RAID 6 ya ZFS, bado TB 8. Nimefungua folda moja ya NFS nimeiita bakapu, seva zote nne zimeipachika, na zinaonana.

Tatizo jipya: rsync, programu ninayonakilia faili, inalia kwamba haina ruhusa kila inapotaka kubadilisha mwenye faili, na nikiangalia ndani kila kitu ni mali ya "nobody". Nani huyu nobody?

kasi_ya_stima · saa 7:20 mchana

Ni root_squash hiyo. Weka no_root_squash kwenye exports (faili inayosema nani anaruhusiwa folda gani ya NFS), mambo kwisha. Dakika moja.

dada_wa_keneli · saa 8 mchana

Mambo kwisha kweli, pamoja na ajira yake.

Fundi, soma hii polepole. NFS kwa kawaida humvua cheo ruti (root, mtumiaji mwenye mamlaka yote) wa seva anayekuja: akifika mlangoni anafanywa nobody, mtu asiye na chochote. Hiyo ndiyo root_squash, na iliwekwa kwa sababu. Ukiizima, ruti wa seva yoyote kati ya hizo nne ni ruti ndani ya sanduku lako pia. Seva yako ya tovuti, ambayo dunia nzima inaibishia hodi usiku na mchana, ikivunjwa kwa programu-jalizi moja iliyosahaulika, mvunjaji anaingia folda ya bakapu na kufagia za databesi, za barua pepe, zote. Hata hahitaji kuzivunja zile seva tatu.

Na usidhani ukiiacha root_squash umepona. NFS ya kawaida humwamini mgeni kwa jina analojitajia. Seva ikisema "mimi ni mtumiaji namba 1001", inaaminiwa, hakuna kuombwa kitambulisho. Aliye ruti kwenye seva ya tovuti anaweza kujigeuza namba 1001 wakati wowote. Kerberos, mfumo wa kuthibitisha utambulisho mtandaoni, hutibu hilo, ila kuisimamisha kwa ofisi ya mtu mmoja wa IT ni safari.

Kwa hiyo hiyo folda moja ya wote ivunje. Tengeneza nne, kila moja dataseti yake ya ZFS (sehemu inayojitegemea), na kwenye exports kila folda itajwe kwa anwani ya IP ya seva moja tu. Seva ya tovuti isijue hata kwamba chumba cha databesi kipo. Sanduku ni nyumba ya kupanga: paa moja, lakini kila mpangaji na kufuli yake.

Halafu washa snapshoti (picha ya faili zote zilivyo wakati huo) kwenye sanduku lenyewe, kila usiku bakapu zikiisha. Snapshoti ya ZFS haiandikiki. Seva ikichizi ikafuta folda yake yote, unarudi kwenye ya jana. Cha msingi, amri ya kufuta snapshoti ibaki kwa sanduku, na nywila ya sanduku isikae kwenye seva yoyote.

kasi_ya_stima · saa 8:15 mchana

Dada umenichapa hadharani 😂 Nimekubali. Kwangu naenda kuirudisha leo hii.

mzee_kebo · saa 2 usiku

Niongezee jambo nililoliona kwa macho. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nafanya kazi mahali fulani Industrial Area, sitapataja. Walikuwa na seva tano na sanduku kubwa la bakapu, zuri kuliko la fundi. Kompyuta moja ya uhasibu ilikuwa imefunguliwa kwa intaneti ili mhasibu afanyie kazi nyumbani. Wezi wakaingia Ijumaa usiku, wakaachia ile programu inayofunga faili kwa msimbo na kudai fidia. Programu hiyo haina haja ya kujua bakapu ni nini. Inafuata kila folda ambayo mashine inaweza kuiandikia, na folda ya bakapu za seva zote tano ilikuwa imepachikwa pale, wazi, na ruhusa kamili.

Jumatatu tuliingia tukakuta sanduku lina afya njema, taa za kijani, diski zote zinapumua. Ndani yake hakuna faili hata moja inayofunguka. RAID iliwatunzia wezi kazi yao kwa uaminifu mkubwa.

Tangu hapo mimi sipendi seva ipeleke bakapu. Napenda mashine ya bakapu ndiyo ije kuchukua. Sanduku linaingia kwenye seva kwa SSH (njia salama ya kuingia mashine nyingine), kwa ufunguo uliobanwa usome tu (rrsync, hati ya kuibana rsync, ina chaguo la -ro), linabeba, linaondoka. Seva haina ufunguo wa sanduku, haina folda iliyopachikwa, haijui inakohifadhiwa. Aliyeiba seva ameiba seva tu.

malindi_mpaka_nai · saa 2:30 usiku

Mzee kebo kanena, ila na upande wa pili nao tuutazame. Sanduku likiwa ndilo linaloingia kwenye seva zote, basi mwenye sanduku ana funguo za nyumba zote. Hapo ni kuhamisha hatari, sharti ulifunge barabara: lisifikike kutoka kwenye Wi-Fi ya ofisi wala ya wageni, likae kwenye VLAN yake, yaani mtandao wake uliotengwa.

Mimi natumia restic, programu ya bakapu. Kwenye sanduku naendesha rest-server, inayopokea bakapu hizo na kuziweka kwenye maghala, ikiwa na chaguo mbili: --private-repos, kila seva na jina lake na nywila yake na haioni ghala la mwenzake, na --append-only, seva inaweza kuongeza lakini haiwezi kufuta. Usafishaji wa nakala za zamani unafanyika kwenye sanduku, kwa mkono wangu, mara moja kwa juma.

Kuna watu watakwambia weka ghala moja la restic kwa seva zote ili vipande vinavyofanana vihifadhiwe mara moja. Nafasi utaokoa, ni kweli. Lakini restic husimba ghala zima kwa ufunguo mkuu mmoja, kwa hiyo seva yenye nywila ya ghala ina uwezo wa kusoma data za seva zote. Na usafishaji unapoendelea ghala hufungwa, wengine wasubiri. Ukitumia Borg, programu nyingine ya aina hiyo, ndiyo usijaribu kabisa, waandishi wake wenyewe wanashauri kila mteja na ghala lake.

Ndugu yangu fundi, hizo za mauzo zina majina na simu za wateja? Basi Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inakuhusu hadi kwenye bakapu. Data za watu zikivuja na zikaweza kuwadhuru, Kamishna wa Data anatakiwa ajulishwe ndani ya saa 72. Sheria haiulizi kama zimevuja kwenye seva au kwenye diski iliyosahauliwa ndani ya teksi.

fundi_wa_ngara · Alhamisi, saa 1 asubuhi

Nimeanza na njia ya dada, folda nne, IP nne, snapshoti. Nimelala usingizi siku mbili. Halafu jana jioni stima ikapotea mtaa mzima, ikarudi baada ya saa moja, na leo asubuhi seva ya tovuti imekufa: diski yake ya ndani imejaa asilimia 100. Nikipiga du (amri ya kupima ukubwa wa folda) sioni faili kubwa popote. Nafasi imeenda wapi???

dada_wa_keneli · saa 1:25 asubuhi

Najua ilikoenda. Stima iliporudi seva iliwaka haraka, sanduku likachelewa (ZFS na diski nne, lazima lijinyooshe kwanza). Kupachika kukashindikana. Saa ya bakapu ikafika, na njia /bakapu bado ipo kama folda tupu ya kawaida ndani ya diski ya seva. rsync haina habari, ikamwaga yote humo. Asubuhi ukapachika NFS kwa mkono, ikaifunika ile folda, ndiyo maana du haioni. Ondoa upachikaji, angalia chini yake, utakuta maiti.

Dawa: kwenye hati ya bakapu (skripti) mstari wa kwanza uwe mountpoint -q /bakapu, inayoangalia kama kweli kumepachikwa kitu, na ikishindwa hati ife hapo hapo na ikutumie ujumbe. Halafu ukiwa umeondoa upachikaji, piga chattr +i, amri ya kuifunga isibadilike, kwenye folda tupu, ili hata ruti asiweze kuandika humo mpaka sanduku liwe limepachikwa juu yake. Na kwenye fstab (orodha ya vya kupachika) tia x-systemd.automount, ipachikwe inapohitajika, siyo wakati wa kuwaka tu.

fundi_wa_ngara · saa 1:50 asubuhi

GB 140 zilikuwa zimejificha chini. Dada, chai iko juu yangu.

stima_iko_wapi · saa 2 asubuhi

Kwa kuwa tumegusa stima: ile Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023 nchi nzima ilipoingia giza, UPS yetu (betri ya akiba) ilishikilia kama dakika 20, halafu vyote vikadondoka kwa mpigo, bakapu ikiwa katikati. Tangu hapo nimeweka NUT, programu inayoifuatilia UPS. Sanduku limeunganishwa na UPS kwa USB na ndilo linalowaambia wengine: betri inaisha, zimeni. Seva zinazima kwanza, sanduku mwisho. Ukianza na sanduku, seva zenye upachikaji wa "hard" (wa kusubiri bila kukata tamaa) zinaganda zikilisubiri, hata df, amri ya kuonyesha nafasi, haijibu, na hazizimiki mpaka uzichomoe kama televisheni. Usije ukakimbilia "soft" kukwepa hilo. Hiyo hukata uandishi katikati, na hati isiyoangalia makosa itakwambia imemaliza salama.

mwanagenzi254 · saa 4 asubuhi

Swali la mjinga: kwa nini bakapu zangu tatu zote zinachukua usiku kucha lakini moja peke yake inaisha kwa saa moja?

malindi_mpaka_nai · saa 4:20 asubuhi

Zote umezipanga saa nane usiku kamili, sivyo? Waya wa gigabiti moja ukiwa peke yako unakupa kama MB 110 kwa sekunde. TB 2 kwa mwendo huo ni saa tano na kidogo. Zikija seva tatu kwa pamoja hazigawani hiyo 110 kwa amani: vichwa vya diski vinarukaruka kutoka faili ya huyu kwenda ya yule, na jumla yake inashuka chini zaidi. Zipishanishe. Na baada ya ile ya kwanza, peleka kilichobadilika tu.

mwanagenzi254 · saa 4:23 asubuhi

Saa nane kamili, zote. Nimeshikwa.

mzee_kebo · saa 6 mchana

Fundi, hilo sanduku liko chumba gani?

fundi_wa_ngara · saa 6:10 mchana

Chumba cha seva, rafu ya chini. Kwa nini?

mzee_kebo · saa 6:30 mchana

Kwa sababu moto, mwizi na bomba la choo cha ghorofa ya juu havibagui rafu. Nakala moja lazima ilale mtaa mwingine.

fundi_wa_ngara · saa 6:45 mchana

Mzee, kasi yetu ya kupakia ni megabiti 20. Nimepiga hesabu, TB 1 ni siku nne na nusu na zaidi, laini ikiwa haina mtu mwingine.

stima_iko_wapi · saa 6:50 mchana

Diski ya TB 4, boda boda, Westlands hadi Mombasa Road dakika 40. Hiyo ni zaidi ya gigabiti 13 kwa sekunde. Faiba gani inakupa hivyo kwa shilingi mia tano?

dada_wa_keneli · saa 7 mchana

😂 Msimcheke, ndivyo inavyofanywa. Ile nakala ya kwanza ibebwe kwa diski, kisha mabadiliko ya kila siku yapite kwenye laini usiku. Ila diski isimbwe kwa LUKS (usimbaji wa diski wa Linux) kabla haijapanda boda, kwa ile sababu ya teksi.

fundi_wa_ngara · baada ya wiki mbili, Jumamosi saa 10 jioni

Nimerudi na ripoti. Leo ofisi haina mtu, nikachukua kompyuta ya zamani nikajaribu kurudisha seva ya tovuti tangu mwanzo, kama vile imeungua.

Faili zote zilirudi. Tovuti haikuwaka. Ile NFS ya nobody: rsync ilikuwa inanakili maudhui sawasawa, lakini haikuweza kuandika ni nani mwenye faili. Kwa hiyo wiki zote hizi nimekuwa nahifadhi faili yatima. Za www-data (mtumiaji anayeendesha tovuti), za ruti, zote zimerudi na mwenye mmoja. Nilitumia saa tatu kurekebisha umiliki folda kwa folda, na hiyo ni tovuti tu. Ya barua pepe ingenilaza hapa.

malindi_mpaka_nai · saa 10:30 jioni

Pole, ila heri umeyaona leo kwa hiari yako. rsync ina --fake-super inayohifadhi umiliki pembeni, mradi upande wa kupokea unakubali sifa za ziada za faili. Au funga kwa tar, umiliki ukae ndani ya furushi. Restic na Borg huuandika ndani ya ghala, hazijali sanduku linamwona nani.

dada_wa_keneli · saa 10:45 jioni

Kosa ni langu nusu. Nilimwambia asizime root_squash nikasahau kumwambia inachukua nini. Na databesi, fundi, ulikuwa unanakili folda ya PostgreSQL ikiwa inakimbia?

fundi_wa_ngara · saa 10:50 jioni

...ndiyo.

dada_wa_keneli · saa 10:51 jioni

Nakala ya hivyo haiaminiki, faili hubadilika ukiwa unanakili. Tumia pg_dump, amri ya PostgreSQL yenyewe ya kutoa nakala. Leo, kabla hujatoka hapo.

fundi_wa_ngara · Jumatatu, saa 5 asubuhi

Nimehamia restic na rest-server, ghala nne, nywila nne, za kuongeza tu. NFS nimeizima. Nywila nimeziandika kwenye karatasi mbili, moja kwenye sefu ya bosi. pg_dump inapita saa saba usiku, restic inafuata saa nane, nyingine zinapishana kwa nusu saa. Jana nimerudisha databesi kwenye mashine tupu, hesabu ya ankara imelingana na ya seva hai.

Sasa bosi ameona kwenye skrini kuna TB 5 "zimekaa bure". Anataka awekee video za harusi ya bintiye humo.

mzee_kebo · saa 5:15 asubuhi

Hiyo haina programu.

stima_iko_wapi · saa 5:20 asubuhi

Mpe dataseti yake yenye kikomo cha GB 500. Na zile nne zako ziwekee akiba ya nafasi, maana harusi za Nairobi zina wapiga video watatu na droni.